Maoni ya Kibanda cha Kipaza

Tamthilia mbovu mimi naijua kabla haijafika dakika ya tano. Ukiona stelingi anatembea kwenye mvua bila mwavuli na kinanda kinalia, zima hicho kitu ukalale. Ukiona mtu kapoteza kumbukumbu sehemu ya kwanza, ujue mwandishi kaishiwa. Nimeyasema hayo redioni kila Jumatano kwa miaka kumi na mmoja, na aliyechukia kachukia. Ile ya mabinti watatu wa daktari niliwaambia watu wasipoteze bando. Ile ya mahakama ya wafu, inayokuja mwezi wa nane, nimeona kionjo chake, na nasema mapema: takataka.

Lakini Mkono wa Bandari ilikuwa tamu. Lo! Ilikuwa tamu tangu ngumi ya kwanza, na ndiyo maana mtu amekufa.

Jina langu Erasto Mwinami, ila hapa Makambako ukimuulizia Erasto utazungushwa mji mzima. Uliza Kipaza. Nina kibanda karibu na njia panda, mabenchi kumi na sita, kioo kimoja kikubwa, na kipaza sauti mkononi. Picha inakuja na Kikorea chake, mimi naimwagia Kiswahili juu palepale. Kikorea nilijifunza kwa kutazama, miaka kumi na minane, bila mwalimu. Majina yao magumu nayatupa. Kijana wa bandarini anayepigana na genge nilimwita Chuma. Mkuu wa genge, yule mwenye koti jeupe, nilimwita Mwenyekiti.

Jumamosi ya sehemu ya pili, saa nane mchana, Hilda Ngailo alipita kwenye mabenchi akigawa bangili. Hilda ni afisa maoni wa Kampuni ya Kioo Kipya, binti mpole, anavaa miwani mikubwa na hacheki ovyo. Kila mtazamaji anavaa bangili mkono wa kushoto. Inasoma mapigo ya moyo, inasoma jasho, inajua hata umemeza mate mara ngapi. Unachosema kwa mdomo haina habari nacho. Maana tamthilia yenyewe inakuja haijakamilika. Inasimama mara nne, dakika mbili mbili, na kwenye vile vituo mtambo wa kampuni, uliotengenezwa Korea, unasikiliza watu wa vibanda kumi na viwili nchi nzima, kisha unaamua kinachofuata. Kibanda chenye mioyo inayodunda zaidi ndicho kinachoongoza. Miezi minne mfululizo kilichoongoza kilikuwa changu.

"Leo msiniangushe," Hilda akasema. "Mwanza wametukaribia."

"Mwanza wana nini? Mtafsiri wao anasoma kama tangazo la msiba," nikamjibu, kibanda kizima kikaangua kicheko.

Picha ikawaka. Chuma amefungwa minyororo ya kiuno na miguu kwenye nguzo ya ghala. Mwenyekiti akavua koti, akalikunja taratibu, akampa mtu wake amshikie. Kisha akaanza kazi. Alimtwanga ngumi ya mbavu, mfupa ukalia. Akamtwanga ya mdomo, meno mawili yakaruka yakadondoka kwenye saruji, na mtambo haukuficha kitu, ukatuonyesha yanavyobiringika na uzi wa damu. Mimi nipo juu ya kipaza: "Oyaaa! Hiyo ya salamu! Bado ya kumkaribisha nyumbani!" Watu wanapiga mabenchi, vumbi linatimka.

Ikasimama. Mwenyekiti ameshika nondo juu, hajaishusha.

"Mvunje mkono!" Bi Tabitha akapaza sauti. Bi Tabitha anauza vitumbua, mama wa watu mpole kabisa, na benchi la mbele ni lake. "Mvunje huo mkono, ndiyo apate hasira!"

Mgeni anaweza kushangaa hapa. Kwetu stelingi lazima apigwe. Stelingi asiyepigwa hana utamu, kwa sababu anapigwa leo ili kesho awapige wenzake, na kufa hafi, kila mtu anajua hilo. Basi mioyo ya Makambako ikadunda kuomba mkono wa Chuma uvunjwe, nami nikaichochea kwa maneno, mtambo ukasikia. Nondo ikashuka. Mkono wa kulia ukapinda mahali pasipo na kiungo.

Chuma alipiga yowe mpaka spika zangu zikakwaruza. Halafu, akihema, akainua mkono uliobaki, akajifuta damu usoni kwa kiwiko. Kibanda kikamshangilia. Na mimi nikamshangilia.

*

Jumatatu asubuhi nilikuwa napaka rangi mlango wa kibanda. Akaja mwanamke wa kama miaka thelathini, kitenge kiunoni, ndala zimejaa tope.

"Shikamoo, mzee Kipaza."

"Marahaba. Leo hatuonyeshi, mwanangu. Mpaka Jumamosi."

"Sikuja kutazama. Naitwa Vumilia. Yule mnayempiga ni mume wangu."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia yule ni picha tu, ametengenezwa na mtambo, tena wala si Mkorea, ni rangi kwenye kioo.

"Jumamosi nilitazama pale mlangoni. Sura si yake," akasema. "Na ile lugha haijui hata neno. Lakini anajifuta kwa kiwiko. Wewe umewahi kuona mtu wa kwenye tamthilia anajifuta uso kwa kiwiko? Aloni ni fundi ujenzi. Mikono ina saruji saa zote, akijifuta kwa kiganja macho yanaungua. Nimekaa naye miaka tisa, mzee. Namjua."

Nikaweka brashi chini.

Akanieleza kwamba Kioo Kipya walimchukua mwezi wa tano. Walimwambia mwili utalala Njombe kwenye jengo lao na nafsi yake ndiyo itakayocheza. Atakuwa stelingi. Hilo neno ndilo lililommaliza, maana Aloni tangu utoto wake alikuwa akipiga mateke ya hewani mbele ya ng'ombe. Kwenye fomu ya kampuni watu wote wanaomba kuwa stelingi. Hakuna hata mmoja anayeomba kuwa adui. Mtambo ndio unaogawa.

"Jana nimekwenda kumwona," Vumilia akasema. "Mkono wa kulia umevimba mweusi mpaka begani. Meno ya mbele hana. Nawauliza nani kampiga, wananiambia kaanguka kitandani. Mtu amelala, kichwani kafungwa nyaya, ataanguka vipi?"

"Meno mangapi?" nikauliza.

"Mawili."

Kesho yake nilipanda naye gari mpaka Njombe, nikasema mimi ni baba yake mdogo Aloni, wakaturuhusu. Ukumbi ulikuwa na vitanda ishirini na kitu, baridi ya kutosha kuhifadhi nyama, kila kitanda na mtu wake amefumba macho na utepe wa nyaya kwenye paji la uso. Aloni alikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Mtu mfupi, mnene wa shingo, hafanani na Chuma hata kidogo. Vumilia akamfunika miguu.

Tukiwa tumesimama pale, ngozi ya juu ya jicho lake ikapasuka yenyewe. Hakuna aliyemgusa, nakuapia. Ilifunguka kama inachanwa na ukucha, damu ikamshukia sikioni, na yeye usingizini akakunja uso. Vumilia akapiga kelele akiita nesi. Baadaye waliniambia mtambo huwa unafanya mazoezi katikati ya wiki.

Kitanda cha nne, kile cha pembeni yake, alilala kijana mrefu, uso hauna hata mkwaruzo. Ila vifundo vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimechubuka, na ngozi ya Aloni ilipopasuka nilimwona akikaza ngumi. Nilielewa ni nani. Vumilia sikumwambia kitu, na kibao chenye jina lake sikukisoma. Niligeuza shingo nikatazama dirishani.

*

Hilda nilimbana Alhamisi, alipokuja kukagua nyaya. Nilifunga mlango nikausimamia.

"Ulikuwa unajua?"

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena. "Nilikuwa najua, mzee."

"Mshenzi wee! Mtu anavunjwa mikono nawe unagawa bangili!"

"Nitukane tu," akasema. "Lakini nisikilize. Zamani walikuwa wanatumia nakala tupu ya nafsi, iliyokatwa kabisa na mwenyewe. Haisikii maumivu. Sasa uigizaji ukawa mkavu, watazamaji wakaanza kugundua. Kuna mtu mmoja alilalamika sana redioni, akasema hawa waigizaji wa mtambo hawana uchungu machoni, ni kama kutazama mabeseni yakigongana. Unamkumbuka?"

Nilimkumbuka. Yalikuwa maneno yangu, na nilichekwa sana siku ile.

"Kampuni ikayafanyia kazi maoni. Sasa nafsi haikatwi. Inabaki imeshikana na mwili, na mwili unaamini kila kinachotokea kule. Ikivunjika mfupa, huku unavunjika."

"Na akifa kule?"

"Huku moyo unasimama."

Nikamwambia wazime, wazime leo hii. Akatikisa kichwa. Ukizima katikati, nafsi zilizomo zinabaki humohumo na miili haiamki tena. Lazima tamthilia ifike mwisho wake. Na mwisho wa Mkono wa Bandari ulishapangwa uwe Jumamosi: kati ya Chuma na Mwenyekiti abaki mmoja amesimama. Atakayebaki ataamka Jumatatu, na wenzake wote.

"Basi," nikapumua. "Stelingi atashinda, aamke arudi kwa mke wake."

"Mzee Kipaza, Jumatano ya wiki iliyopita ulisemaje redioni?"

Nilikaa kwenye benchi. Nilisema nimechoka na stelingi wasiokufa. Nilisema katika tamthilia zote mpya na zinazokuja nataka kuona moja tu yenye ubavu wa kumuua stelingi, na hiyo nitaivulia kofia. Nilijiona nimesema jambo la maana, watu walipiga simu kunipongeza.

"Mtambo unasikiliza redio pia," akasema. "Umeshaiweka. Kituo cha nne, ndoano ya winchi inaanguka katikati yao, na mtambo utauliza nani aiokote. Kwenye majaribio, vibanda saba vimeupenda mkono wa Mwenyekiti. Mwanza wanamtaka Chuma afe. Wanasema ndiyo ya kisasa."

"Nikigoma kutafsiri?"

"Mwanza wataongoza, atakufa. Ukiwaambia watu ukweli, watasikitika. Moyo wa huzuni unakwenda polepole, bangili zitashuka, Mwanza wataongoza, atakufa. Sijui nikwambie nini. Inabidi mioyo ya hapa idunde kuliko ya kule, na idunde kwa ajili yake."

Na yule wa kitanda cha nne? Hilo hatukulisema, mimi wala yeye. Alirudi kwenye nyaya zake, nami nikamfungulia mlango.

*

Jumamosi watu walijaa mpaka wakakaa chini. Vumilia alikaa benchi la nyuma, bangili mkononi, ameshika kitambaa mdomoni. Bi Tabitha alikuja na ndoo yake ya vitumbua akaikalia.

Nilitafsiri siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Chuma mwenye mkono mmoja, keshajinasua kwenye nguzo, alishuka gatini akilitafuta lile genge, na watu kumi na wawili wakamtokea kati ya makontena. Wa kwanza Chuma alimpiga kichwa puani, pua ikalala shavuni. Wa pili alimnyang'anya panga akamkata nalo vidole vitatu. Wa tatu akamchoma Chuma kisu cha paja, Chuma akakiacha kisu kulekule, akamng'ata yule mtu koo mpaka akalegea. Mimi natokwa jasho, shati limenata mgongoni, kila ngumi naipa jina, kila tone la damu nalililia. Kituo cha kwanza tukaongoza. Cha pili tukaongoza. Cha tatu Mwanza wakatushika, Hilda akaniinulia kidole kuonyesha tofauti ni ndogo.

Ndipo akatokea Mwenyekiti. Wakapigana kwenye sakafu yenye mafuta, wanateleza, wanashikana, wanaumana. Mwenyekiti akaingiza kidole gumba kwenye jicho la Chuma lililopasuka. Chuma akamkanyaga goti kwa pembeni, goti likafunguka, koti jeupe likawa tope na damu. Wakaanguka wote wawili wamepiga magoti, wanatazamana, hawana pumzi. Huko juu winchi ikakatika. Ndoano, chuma kizito cha ukubwa wa kichwa cha mbuzi, ikadondoka katikati yao. Picha ikasimama.

Dakika mbili.

Kwa kawaida kwenye vituo waigizaji husimama wakihema tu, mtambo unakuwa haujawapa la kufanya. Lakini Mwenyekiti aligeuza uso. Alitutazama sisi, kwenye kioo, machozi yanachora njia kwenye masizi. Akaanza kusema, na mdomo ule wa mtambo ukamgeuzia maneno yake yote kuwa Kikorea, hata majina yakapinda.

"Jamani, mnanisikia? Mimi siyo huyu. Mimi ni Osward Nyagawa wa Ilembula, mtoto wa mama Salome. Mikono hii hainisikii. Sikutaka kumpiga huyu bwana. Mwambieni mama asivune mahindi peke yake, nakuja."

Watu sitini na zaidi, na hakuna aliyeelewa ila mimi.

"Mbona analia?" Bi Tabitha akauliza, sauti imeshuka. "Kipaza, anasemaje?"

Hilda alikuwa anatazama kishikwambi chake akionyesha chini kwa kiganja. Mioyo inapoa. Watu walikuwa wanamhurumia. Nikitafsiri alichosema, wangemhurumia zaidi, na Mwanza kule walikuwa wanadunda kwa ajili ya ndoano kichwani mwa Aloni. Nilitazama nyuma. Vumilia alikuwa amesimama, macho kwangu, si kwenye kioo.

"Kipaza! Anasemaje?"

"Anasema..." Nikasogeza kipaza mdomoni. "Anasema yeye ndiye aliyemchinja mama yake Chuma, kwa mkono huuhuu, akiwa anacheka!"

"Ha!" Bi Tabitha akashtuka.

"Anasema analia kwa raha! Analia kwa sababu akitoka hapa anakwenda nyumbani kwa Chuma! Anasema mke wa Chuma yupo peke yake, na mlango anaujua!"

Ooo! Kibanda kikalipuka. Bi Tabitha alipanda juu ya ndoo yake, mama wa watu, mishipa ya shingo imemtoka. "Muue! Muue huyo!" Mabenchi yakaanguka. Wanaume wazima wanarusha ngumi hewani. Vumilia naye nilimsikia, sauti yake kali kuliko zote, muue, muue. Hilda akainua kiganja juu, juu zaidi, kisha akakifunga. Tumewapita.

Mkono wa kushoto wa Chuma ukashuka ukaiokota ndoano.

Osward alikuwa bado anaongea. Alikuwa anarudia jina lake, Osward Nyagawa, Osward Nyagawa, Ilembula, na mimi nikamfunika kwa sauti yangu, nikimtukanisha, nikimpa matusi ambayo hakuyasema, ili hata bahati mbaya mtu asilinase lile jina. Ndoano ya kwanza ilimpata begani, mfupa ukatoka nje ya koti. Ya pili ilimwingia shavuni ikang'oa taya upande, na hapo maneno yakawa si maneno tena, yakawa povu. Alijaribu kujikinga kwa vile vifundo vyake. Ya tatu ilishuka utosini. Chuma hakuweza kuacha, mioyo yetu ilikuwa bado inamsukuma, akapiga ya nne na ya tano kwenye kitu ambacho hakikuwa na uso, na niliona usoni mwake yeye Chuma kwamba alikuwa anatapika na mtambo unamzuia.

Mimi nilitafsiri mpaka mwisho. Watu walinibeba juujuu mpaka nje.

*

Aloni aliamka Jumatatu. Alhamisi mkewe alimleta kwangu, na jogoo wa kunishukuru. Mkono umefungwa muhogo wa plasta, jicho moja limezibwa. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye bomba la nje akawa ananawa ule mkono mzima, ananawa, anauangalia, anafungulia tena maji.

"Ndivyo anavyoshinda," Vumilia akasema. "Lakini yuko hai, mzee. Nimempata. Mungu akuweke."

Jogoo sikumpokea. Nilimwambia nina tumbo, siwezi nyama. Hilda alikuwa ameniletea pia barua ya Kioo Kipya: maoni ya Makambako yamevunja rekodi, na wangependa kusikia ningetaka kuona nini katika tamthilia inayokuja. Niliichoma kwenye jiko la mkaa. Siku ya pili nikapanda gari kwenda Ilembula.

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, shamba la mahindi yaliyokauka nyuma yake, hayajavunwa. Mama mmoja alikuwa ameketi kwenye mkeka uani anachambua maharage. Mwanamume wa makamo alikuwa upande wa pili anachomeka mpini kwenye jembe.

"Kamwene, mama," nikamsalimu kwa Kibena.

"Kamwene." Kisha akaacha maharage, akainua kichwa. "Hiyo sauti! Zakayo, njoo! Si Kipaza huyu? Kipaza wa redio! Karibu, baba, karibu! Mleteeni kiti!"

"Mimi ndiye, mama. Wewe ndiye mama Salome?"

"Ndiye mimi. Umeletwa na Osward, ee? Mwanangu yumo kwenye hiyo tamthilia yenu mpya, sisi hapa umeme wa shida, hatujaiona hata siku moja. Sasa wewe ndiye unayejua hizi kazi, usinifiche. Anacheza vizuri?"

Kampuni ilikuwa haijawaletea hata salamu. Nilikataa kiti. Nikapiga magoti kwenye mkeka, maharage yakasagika chini ya magoti yangu.

"Mama, Osward amefariki. Jumamosi. Na aliyemuua ni mimi."

Akabaki amenitazama, tabasamu halijamtoka bado. Nikaendelea harakaharaka, nikiogopa nikisimama sitaweza tena. Nikamwambia kuhusu vitanda na nyaya, nikamwambia kulikuwa na mtu mwingine na mkewe, na mmoja ilikuwa lazima afe. Nikamwambia mwanawe alipiga magoti akawaomba watu, na katika watu wote pale mimi peke yangu nilimwelewa. Nikawaambia kitu kingine, wakaomba auawe.

Mpini ulinipata ubavuni kabla sijamaliza. Alikuwa Zakayo, ndugu yake Osward. Wa pili ulinipata mdomoni, nikasikia jino linavyoachia. Nilianguka kwenye maharage nikajikunja, naye akawa anapiga mgongo, mikono, popote. Majirani wakaja mbio. Mmoja akauliza, "Mwizi?" na hakungoja jibu, akanikanyaga kichwa. Wakawa wanne, wakawa sita. Nililia kwa maumivu na sikuwaomba waache. Niliona ndala zao, niliona damu yangu inalowanisha mkeka, na kati ya miguu yao nilimwona mama Salome amekaa vilevile, mikono mapajani. Angeweza kusema neno mapema. Hakusema. Alingoja, akinitazama, mpaka mbavu zangu zilipoanza kulia kwa ndani.

"Mwacheni kwanza," akasema.

Wakaacha, Zakayo akautupa mpini chini.

"Alisema nini?"

Nilitema damu. "Mama..."

"Wewe si ndiye uliyemwelewa? Sema alichosema mwanangu. Kama alivyosema yeye."

Nikainuka kwa kiwiko kimoja. Nikasema, neno kwa neno, polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwenye kipaza. Mimi ni Osward Nyagawa wa Ilembula, mtoto wa mama Salome. Mikono hii hainisikii. Sikutaka kumpiga huyu bwana. Mwambieni mama asivune mahindi peke yake. Nakuja.

Mama aliyatazama mahindi nyuma ya nyumba.

"Alisema anakuja?"

"Ndiyo, mama. Alisema anakuja."

Akasimama kwa shida, akakung'uta makapi kwenye kanga yake, akaingia ndani, akafunga mlango. Zakayo akauokota mpini.